Vali ya Usalama ya Mvuke Inasumbua: Je, Kosa ni la Chuma cha Bodi?

Vali ya usalama ya mvuke ikianza kuvuja au kupasuka, agizo la kwanza kutoka karakana huwa ni "leteni ya stenlesi." Mara nyingi agizo hilo ni hasara tupu, na wakati mwingine linazaa tatizo jipya juu ya lile la zamani. Bodi, yaani ganda la nje la vali, huchaguliwa kwa joto la mvuke kwanza, halafu presha, halafu mishtuko ya bomba na kemia ya maji. Kutoshika kutu ni sifa nzuri, lakini kwa mvuke safi wa boila haipaswi kuwa ya kwanza kwenye orodha.

Hapa tunaanza na dalili, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye sababu. Jambo moja la usalama kabla ya yote: kati ya boila na vali yake ya usalama hairuhusiwi kuwepo vali ya kufungia, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Boila lizimwe, presha ishuke hadi sifuri, na sifuri hiyo ithibitishwe kwa kufungua tundu la kutolea hewa. Usitegemee sindano ya geji peke yake.

Mambo ya kujua kabla ya kulaumu chuma

La kwanza ni joto halisi la mvuke pale vali ilipofungwa. Mvuke uliojaa, yaani ule ambao bado uko kwenye joto la kuchemka la presha yake, joto lake unalijua kwa kusoma geji: baa 7 za geji ni takribani 170°C, baa 10 ni 184°C, baa 20 ni 215°C, baa 40 ni 252°C. Mvuke uliopita kwenye supahita, kifaa cha kuuongezea mvuke joto, haufuati hesabu hiyo. Na mvuke uliopita kwenye vali ya kushusha presha nao haufuati, jambo ambalo huwaponyoka hata mafundi wazoefu.

Tuchukue mfano. Bomba kuu lina mvuke wa baa 20 wenye joto la 300°C. Unapita kwenye vali ya kushusha presha na kutoka ukiwa baa 3. Geji inasoma 3, na mtu anafungua jedwali la mvuke anaona 144°C, anaagiza vali ya bronzi. Lakini mvuke unapobanwa na kupenya kwenye tundu dogo hautoi kazi wala haupotezi joto la maana. Nishati yake inabaki ileile. Joto upande wa pili linakuwa kama 278°C. Hata kama mvuke wa kabla ya vali hiyo ungekuwa umejaa tu kwa 215°C, ukishushwa hadi baa 3 unatoka na joto la kama 170°C, si 144. Kwa hiyo vali inayolinda mtambo baada ya kushusha presha ichaguliwe kwa joto la upande wa juu, yaani la kabla ya kushushwa. Kigezo hicho hakimuangushi mtu.

La pili ni nafasi kati ya presha ya kazi na presha ya kufungukia. Ikiwa vali imewekwa ifunguke baa 10 na boila linaendeshwa kwa baa 9.6, itatoa mvuke mwembamba siku nzima hata bodi ingekuwa ya dhahabu.

La tatu ni kujua bodi uliyonayo imetengenezwa kwa nini. Rangi ya nje haisaidii, kwa sababu vali za kasti (chuma cha kusubu) na za stili hupakwa rangi ileile ya fedha. Futa uchafu utafute maandishi yaliyochomoza kwenye bodi yenyewe: B62 ni bronzi, WCB au GP240GH ni stili ya kaboni, WC6 na WC9 ni stili zenye kromiamu na molibdenamu, CF8M au 1.4408 ni stenlesi. GJL-250, au GG25 kwa maandishi ya zamani, ni kasti ya kijivu. GJS-400 au GGG40 ni kasti nodula. Kibati chenye presha na uwezo wa kutoa mvuke si mara zote kinataja chuma cha bodi, na kibati kinaweza kuwa kimehamishwa kutoka vali nyingine.

Maandishi yakiwa yamefutika, sumaku inatenga bronzi na vyuma vingine. Haitengi kasti na stili, na kwenye stenlesi ya kusubu sumaku inaweza kushika kidogo, kwa hiyo usiitupe CF8M kwa sababu hiyo tu. Kutenga kasti ya kijivu na stili, chukua tupa ndogo ukwangue ukingo wa nje wa flanji, mbali na uso wa gasketi. Stili inatoa vinyweleo vinavyong'aa na kujikunja. Kasti ya kijivu inatoa unga mweusi unaopaka vidole kama penseli, na hiyo ni grafiti. Kasti nodula inakaa katikati, na ukiwa na shaka ipelekwe kwenye kipimo cha eksirei ya kushika mkononi kwa ajili ya viambato. Lakini kipimo hicho hakisomi kaboni, kwa hiyo hakitakutengea WCB na kasti peke yake.

Mipaka ya joto

Kwa kanuni za boila za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, bronzi ya B62 inaishia 208°C, ambayo ndiyo joto la mvuke uliojaa wa kama baa 17. Bronzi ya B61, yenye risasi pungufu kuliko B62, inafika 288°C. Kasti ya kijivu inaruhusiwa kwenye vali hadi kama baa 17 na joto lisilozidi 232°C, na hairuhusiwi kabisa kuwa nozeli au flanji iliyoungwa moja kwa moja kwenye boila. Vali ya usalama ya supahita inayotoa mvuke wa zaidi ya 232°C lazima bodi, boneti (sehemu ya juu inayobeba springi) na spindeli (fimbo ya katikati) ziwe za stili au aloi yake, kiingilio kiwe cha flanji au cha kuchomelea, na springi iwe wazi nje ya bodi ili mvuke unaotoka usiiguse. Stili ya kaboni inafaa hadi kama 425°C. Juu ya hapo, ikikaa muda mrefu, kabidi iliyo ndani yake huanza kugeuka grafiti na chuma kinadhoofika bila kuonyesha dalili kwa nje. Kuanzia hapo ni WC6, kisha WC9, na kwa mitambo ya joto kali zaidi C12A.

Dalili: ufa kwenye flanji au kwenye shingo ya bodi

Huu karibu kila mara ni wa kasti ya kijivu. Swali ni kwa nini imepasuka, maana ukifunga nyingine bila kujua, itapasuka palepale.

Tazama ufa unapita wapi. Ukianzia kwenye tundu la bolti na kuelekea shingoni, kosa ni la ufungaji. Flanji ya kasti ya Class 125 (Class ni daraja la presha la flanji) ina uso bapa. Flanji ya stili ya Class 150 inayolingana nayo kwa matundu ya bolti mara nyingi ina uso ulioinuka katikati. Ukizikutanisha hivyo na kukaza, bolti zinavuta ukingo wa nje wa kasti kuelekea kwenye uwazi, flanji inapinda, na kasti ya kijivu haijui kupinda: hukatika kabla haijarefuka hata 1%. Ulinganishe na WCB, ambayo kiwango chake kinadai irefuke angalau 22% kabla ya kukatika.

Tiba:

1. Flanji ya stili ichongwe uso wake uwe bapa.
2. Weka gasketi ya uso mzima, inayofika hadi nje ya matundu ya bolti.
3. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, kwa awamu tatu au zaidi, kwa spana ya kupimia nguvu.
4. Kama ni lazima kutumia gasketi ya pete, usitumie bolti za B7, za stili ya aloi. Zina nguvu kuliko flanji, na flanji ndiyo itakayoshindwa kwanza.

Ufa ukizunguka shingo kwa mlalo, chini ya bodi, tafuta bomba la kutolea. Bomba zito lililoning'inizwa kwenye vali bila nguzo yake linaivuta bodi upande mmoja, na vali inapofunguka nguvu ya kurudi nyuma ya mvuke inazidisha mvuto. Legeza bolti za flanji ya kutolea, mtambo ukiwa umepoa: bomba likiruka pembeni milimita kadhaa, umepata jibu. Bomba libebwe na vishikio vyake, na mahali panaporuhusu vali ipulize ndani ya kiko (kona ya bomba) chenye sahani ya matone ili isibebe uzito wowote.

Ufa usio na mpangilio, wakati mwingine na kipande kilichoruka, ni pigo la maji. Maji yaliyolala kwenye bomba la mvuke yanabebwa kwa kasi na kugonga ukuta wa bodi. Hapo kubadilisha chuma kuna maana, kwa kuwa stili au kasti nodula (aina ya GJS-400-15 hurefuka angalau 15%) itabonyea mahali ambapo kasti ya kijivu ingesambaratika. Lakini pigo lile lile litaharibu diski (kifuniko kinachoinuka mvuke utoke), siti (uso ambao diski hukalia) na geji. Anza na mitego ya maji na mteremko wa bomba, kisha ndiyo uagize bodi ya stili. Mahali palipo na historia ya mapigo ya maji, au boila linalowashwa na kuzimwa kila siku, hatushauri kasti ya kijivu hata kama presha na joto vinaruhusu.

Ufa kwenye bodi ya vali ya usalama hauchomelewi. Kasti iliyochomelewa ina eneo gumu na lenye mikazo pembeni ya mshono, na vali hiyo si tena ile iliyopimwa. Itupwe, na ivunjwe kwanza ili mtu asiiokote.

Dalili: bodi ya bronzi inatoa jasho, au thredi zinavuja

Matone madogo kwenye ukuta wa bodi, mbali na maungio, yana maana ya vitundu vya kusubu. Vali mpya ikionyesha hivyo, irudishwe. Vali ya miaka mingi ikianza kufanya hivyo, angalia rangi. Mabaka mekundu ya shaba tupu mahali ambapo chuma kilikuwa cha manjano ni dalili kwamba zinki imeyeyuka ikaacha sponji ya shaba. Hilo ni tatizo la brasi, na ndiyo maana brasi yenye zinki nyingi haifai kwa bodi ya mvuke. B62 ina zinki kama 5% tu na kwa kawaida haipatwi na hali hiyo. Anayeuza "vali ya shaba" bila kusema ni B62 au nini, mwulize.

Unga wa kijani au wa bluu ndani ya kiingilio unakuelekeza kwenye kemia. Amonia ikiwepo pamoja na oksijeni hula aloi za shaba, na kwenye brasi iliyo chini ya mvuto inaleta nyufa. Ikiwa dawa ya maji ya boila inatoa amonia nyingi kwenye mvuke, ama mpango wa dawa ubadilishwe ama bodi iwe ya stili. Zungumza na anayetibu maji kabla ya kuagiza.

Thredi zilizotanuka ni kazi ya mkono mzito. Bomba la stili lenye thredi za mshazari likilazimishwa kwenye tundu la bronzi la upande wa kutolea hufanya kazi kama kabari: bodi inapanuka, mwongozo wa diski unapoteza umbo la duara, na vali inaanza kuvuja kwenye siti, sehemu ambayo hukuigusa. Shika vali kwa spana kwenye pembe sita za upande unaoufunga. Spana ya mabomba isiguse bodi wala boneti. Utepe wa PTFE uwekwe kwenye thredi za kiume tu, na thredi mbili za kwanza ziachwe tupu, maana kipande kikikatika hukimbilia kwenye siti.

Dalili: mvuke unapenya kwenye siti

Hapa chuma cha bodi ni mshukiwa wa mwisho. Anza na presha: kwa vali iliyowekwa juu ya baa 3.5, kipimo cha kawaida cha API 527 (kiwango cha Marekani cha kupima uvujaji wa siti) ni kuishikilia kwenye 90% ya presha ya kufungukia na kutazama kwa dakika 1 bila kuona wala kusikia mvuke, kukiwa na kitu cheusi nyuma ili ukungu uonekane. Ikipita kipimo hicho lakini inavuja kazini, unaendesha boila karibu mno na presha ya kufungukia.

Isipopita, kuna uchafu au siti imechimbwa. Mvuke unaopenya kwenye mwanya mwembamba hukata mfereji kwenye uso wa siti, na mvuke wenye matone ya maji hukata haraka zaidi. Mifereji hiyo huonekana kama mikwaruzo inayokwenda kutoka ndani kwenda nje, si kuzunguka duara. Siti na diski zisuguliwe upya kwenye karakana iliyoidhinishwa. Kubadilisha bodi nzima kuwa stenlesi wakati siti yake tayari ni ya stenlesi ni kununua kitu kilekile mara mbili.

Bodi inahusika pale inapopindwa. Ukilegeza bomba la kutolea na uvujaji ukapungua, au vali ikipita kipimo benchini na kuvuja kila inaporudishwa kwenye mtambo, bodi inavutwa na bomba. Bronzi hupindika kirahisi kuliko stili, kwa hiyo dalili hii ni ya kawaida zaidi kwenye vali ndogo za thredi.

Dalili: vali inafunguka kabla ya presha yake

Kwanza linganisha geji ya mtambo na geji iliyopimwa. Kwa boila zinazofuata ASME, vali iliyowekwa kati ya baa 5 na 20 inavumiliwa kupotoka 3%. Tofauti ndogo kuliko hiyo si ugonjwa.

Ikiwa imepotoka kweli, fikiria joto la springi. Springi ikipata moto inalegea kidogo, na presha ya kufungukia inashuka. Vali iliyorekebishwa kwa hewa baridi benchini itafunguka mapema kwenye mvuke, isipokuwa kama aliyeirekebisha alitumia kizidisho cha mtengenezaji. Na ikiwa springi ni ya stili ya kaboni ndani ya boneti iliyofungwa, kwenye mvuke wa joto kali, haitarudi hata ikipoa: imelegea moja kwa moja. Dawa yake ni springi ya stili yenye tangsteni au ya Inconel X-750 (aloi ya nikeli), na boneti ya wazi. Bodi ya WC6 yenye springi ya kawaida ni chaguo lililofanywa nusu.

Sababu nyingine hutokana na nia njema: mtu amefunika vali nzima kwa kihami joto, boneti na yote. Kihami kiishie kwenye bodi, chini ya boneti. Springi inahitaji hewa.

Dalili: vali haifunguki, au inafunguka na kukwama juu

Hii ni dalili ya hatari kuliko zote; boila lisiendelee na kazi. Kwa vali yenye wenzo, jaribio la kuinua lifanyike presha ikiwa angalau 75% ya ile ya kufungukia, ili mvuke usaidie kuinua diski na kupeperusha uchafu. Usiigonge kwa nyundo.

Ukiifungua, angalia mwongozo wa diski. Kutu nyekundu iliyoziba mwanya ni ya bodi ya kasti au ya stili ya kaboni iliyokaa na maji. Uso ulioraruka na kubebana ni wa stenlesi mbili zenye ugumu sawa zikisuguana; moja iwe ngumu zaidi au iwe ya chuma cha aina nyingine.

Ukikuta mwongozo safi, na vali inakwama ikiwa moto tu, fanya hesabu ya kutanuka. Kwa kila nyuzi 1 ya joto, kasti na stenlesi ya aina ya 410 hutanuka kwa takribani sehemu 11 kwa milioni, stili ya kaboni 12, stenlesi ya aina ya 316 kama 16 hadi 17, bronzi kama 18. Chukua kishikio cha diski cha 316 chenye kipenyo cha milimita 30 ndani ya mwongozo wa 410. Joto likipanda nyuzi 250, kishikio kinamzidi mwenzake kwa kama milimita 0.045. Mwanya ukiwa ulikuwa milimita 0.05, umekaribia kwisha. Ukibadilisha, mwongozo wa bronzi na kishikio cha stenlesi, mwanya unaongezeka kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo karakana ikichonga kipuri cha "stenlesi yoyote iliyopo" badala ya kipuri halisi, inaweza kuikaba vali bila kukusudia.

Dalili: ulibadilisha bodi kuwa stenlesi, sasa flanji inavuja

Bodi na flanji za CF8M zilizofungwa kwa bolti za stili ya kaboni hutanuka kuliko bolti. Kwa flanji mbili zenye unene wa jumla wa milimita 50 na joto lililopanda nyuzi 200, tofauti ni kama milimita 0.045. Gasketi isipoinyonya, bolti inaongezewa mvuto wa kama MPa 180. Gasketi inagandamizwa kupita kiasi mtambo ukiwa moto, na ukipoa haina tena unene wa kujaza nafasi. Uvujaji unaonekana asubuhi wakati wa kuwasha, kisha unapotea, kisha unarudi. Tumia bolti zenye mtanuko unaokaribiana na wa bodi, gasketi ya utepe uliozungushwa (spiral wound), na ukaze kwa kipimo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei: stenlesi haina nguvu zaidi kwenye joto la kawaida la mvuke. Flanji ya WCB ya Class 300 inabeba baa 43.8 kwenye 200°C na baa 39.8 kwenye 300°C. Ya CF8M ya Class 300 inabeba baa 35.7 na 31.6. Mtambo wa baa 38 uliokuwa salama na stili ya kaboni unaweza kuwa nje ya mipaka siku ulipopewa "chuma bora." Wakati huohuo usiitegemee Class 150 ya WCB kwa sababu ya namba 19.6 iliyo kwenye jedwali. Hiyo ni ya 38°C. Kwenye 200°C ni baa 13.8.

Nyufa nyembamba zenye matawi kwenye bodi ya stenlesi ni kloridi. Kihami joto kikilowa maji yenye chumvi, maji yanakauka juu ya chuma cha moto, kloridi inabaki na kujikusanya, na kuanzia kama 60°C hatari ni ya kweli. Dawa ya rangi inayopenya itazionyesha. Karibu na bahari, stili ya kaboni iliyopakwa rangi vizuri mara nyingi ni chaguo tulivu kuliko stenlesi iliyofunikwa kihami kibovu.

Dalili: vali inapigapiga

Si chuma. Ni vali kubwa kuliko hitaji, au bomba la kuingilia refu na jembamba linalopoteza zaidi ya 3% ya presha ya kufungukia, au bomba la kutolea lenye mgandamizo wa nyuma. Kila bodi itaumia, na siti itaisha kwanza.

Dalili: bodi inaliwa upande wa kutolea

Upande wa kuingilia wa vali iliyofungwa uko na mvuke, na hukaa salama. Upande wa kutolea uko na hewa na maji ya mvuke uliopoa, na hapo ndipo kasti na stili hushika kutu. Kagua tundu la kutolea maji lililo chini ya usawa wa siti. Likizibwa kwa plagi, au bomba lake likiunganishwa mahali penye mgandamizo, bodi inageuka bakuli. Lifunguliwe na liongozwe mahali salama kwa bomba lake peke yake, lisilo na vali. Mikwaruzo laini iliyochimbwa sakafuni mwa bodi, bila magamba ya kutu, ni asidi ya kaboniki: bikaboneti kwenye maji ya boila inavunjika, inatoa kaboni dayoksaidi, na hiyo ikiyeyuka kwenye maji ya mvuke inashusha pH. Pima pH ya maji yanayorudi kabla ya kuagiza bodi mpya, kwa sababu asidi hiyo inakula pia mabomba yote ya kurudishia.

Kuandika oda

Oda ya "vali ya usalama inchi 2, baa 10, stili" inamwachia muuzaji afanye maamuzi yako. Andika: aina ya mvuke, uliojaa au wa supahita, joto la juu kabisa linaloweza kufika, likiwemo la upande wa juu wa vali ya kushusha presha, presha ya kufungukia na presha ya kazi, kilo za mvuke kwa saa zinazotakiwa kutolewa, mgandamizo wa upande wa kutolea, kiwango cha bodi kwa jina lake kamili, kwa mfano A216 WCB, chuma cha siti, diski, mwongozo na springi, kila kimoja peke yake, boneti ya wazi au iliyofungwa, Class na aina ya uso wa flanji zote mbili, na kanuni inayofuatwa, kama vile ASME sehemu ya I kwa boila. Omba cheti cha chuma chenye namba ya myeyuko (namba ya kundi la chuma kilichoyeyushwa pamoja), na vali ikifika linganisha namba hiyo na ile iliyochomoza kwenye bodi kabla haijaingia stoo. Zisipolingana, irudi na gari lililoileta.